Kosa la Actaeon lilikuwa nini?

Mchana wa jua kali, kijana Actaeon aliwaambia wenzake wapumzike. Nyavu na mikuki ilikuwa imelowa damu ya wanyama, na windo la siku hiyo lilitosha. Akajiendea peke yake katika bonde asilolijua, akatokea penye pango lenye chemchemi. Ndani yake Artemis, mungu wa kike wa uwindaji, alikuwa akioga na wajakazi wake. Upinde wake ulikuwa mbali, basi akachota maji akamrushia kijana usoni na kumwambia: haya, nenda ukasimulie kwamba umeniona uchi, kama utaweza kusimulia. Pembe zikamchipuka Actaeon kichwani, shingo ikarefuka, mikono ikawa miguu ya ayala. Akatimua mbio, akastaajabia kasi yake mwenyewe. Alipojiona kwenye maji alitaka kusema "ole wangu", lakini sauti haikutoka. Mbwa wake wakamwona, wakamkimbiza, wakamrarua vipande, na wakati huohuo rafiki zake walikuwa wakiliita jina lake, wakisikitika kwamba hayupo kuona windo zuri namna ile.

Msimulie mtu yeyote kisa hiki naye atakuuliza: sasa kosa lake nini? Kuona tu? Swali hilo ni la haki, na Wagiriki wenyewe hawakuwa na jibu moja. Stesichorus, mshairi wa karne ya 6 KK, alisema Artemis alimfunika Actaeon ngozi ya ayala ili asije akamwoa Semele. Acusilaus, mwandishi mwingine wa kale, naye alitaja posa hiyohiyo ya Semele, ila kwake aliyekasirika ni Zeus, mfalme wa miungu, kwa kuwa yeye mwenyewe alimtaka mwanamke huyo. (Semele alikuwa ndugu wa tumbo moja na mama yake Actaeon, lakini hilo halionekani kuwasumbua wasimulizi.) Katika Bacchae, tamthilia ya Euripides iliyochezwa Athens yapata mwaka 405 KK mwandishi akiwa amekwisha kufariki, mzee Cadmus anamwonya mjukuu wake Pentheus akimkumbusha yaliyompata Actaeon, ndugu yake upande wa mama, aliyeraruliwa kwa kujisifu kwamba anamshinda Artemis kwa kuwinda. Na habari ya kuoga, ambayo leo ndiyo kila mtu anaijua? Katika maandishi yaliyotufikia, inajitokeza kwa mara ya kwanza kwa Callimachus, aliyeandika katika mji wa Alexandria, Misri, karne ya 3 KK.

Kuna chombo cha kuchanganyia mvinyo kilichochorwa Athens yapata mwaka 470 KK, ambacho sasa kimo katika makumbusho ya sanaa ya Boston. Hapo hakuna chemchemi. Artemis amevaa nguo zake zote na amevuta upinde, na Actaeon anaanguka akiwa na umbo lake kamili la mtu, mbwa wamemvamia. Mchoraji hakumpa hata pembe.

Kwa hiyo kisa kimoja kina makosa matatu tofauti, aliyekasirika si yuleyule kila mara, na hata ule ugeuzwaji wenyewe una shaka. Kisichobadilika ni mbwa. Jambo hili ni la kulishika mapema, maana anayezisoma hadithi za Kigiriki za watu waliogeuzwa wanyama akidhani kila moja ni hukumu ya kosa fulani atajikwaa mara kwa mara. Hukumu zimo, lakini ni sehemu tu ya visa hivi, na mara nyingi mwenye kuzitia humo ni msimulizi.

Msimulizi aliyetutawala kuliko wote si Mgiriki. Ni Ovid, Mrumi aliyezaliwa Sulmo, Italia, mwaka 43 KK, akaandika kwa Kilatini shairi refu liitwalo Metamorphoses: vitabu 15, mistari karibu 12,000, na mageuzi yapatayo 250 ya watu kuwa ndege, miti, mawe, nyota na wanyama. Simulizi niliyoianza hapo juu ni yake. Kwake Artemis ni Diana, Hera ni Juno, Zeus ni Jupiter. Hapa nitatumia majina ya Kigiriki ili tusichanganyikiwe. Kabla yake walikuwako Wagiriki waliokusanya visa vya aina hii, kama Nicander, lakini kazi zao zimepotea. Tulichobakiwa nacho ni muhtasari. Mtu aitwaye Antoninus Liberalis alifupisha visa 41 kwa nathari kavu isiyo na mapambo, na mkusanyo wake umetufikia kwa nakala moja tu ya mkono, iliyohifadhiwa Heidelberg, Ujerumani. Moto mmoja tu na tusingejua lolote juu ya nusu ya watu hao.

Ovid hakuwa msimulizi asiye na lake. Anapoingia kwenye kisa cha Actaeon anatangulia kusema kwamba ukichunguza vizuri utakuta kosa ni la bahati mbaya, si la uovu; kwani kupotea njia kuna uovu gani? Miaka ilipita, na mwaka 8 BK Kaisari Augustus akamfukuza Roma, akampeleka Tomis, pwani ya Bahari Nyeusi, mji ambao leo ni Constanța, Romania. Sababu, alisema Ovid, zilikuwa mbili: shairi na kosa. Shairi tunalijua. Kosa hakulitaja kamwe waziwazi, ila alidokeza kwamba macho yake yaliona kitu yasichopaswa kuona, kisha akajilinganisha na Actaeon, ambaye naye aliona bila kukusudia na mungu hakumsamehe. Alifia huko ugenini. Sijui mwandishi mwingine aliyetunga kisa cha mtu kisha akajikuta amekaa ndani ya kisa kilekile.

Kabla hatujaendelea, tutenganishe mambo yanayochanganywa. Miungu ya Kigiriki hujigeuza yenyewe ipendapo: Zeus huwa fahali ili ambebe Europa, huwa bata maji ili amfikie Leda. Hilo ni vazi tu, analivaa na kulivua. Tena kuna mafundisho ya Pythagoras na wafuasi wake, kwamba roho ya aliyekufa huingia mwili mwingine; Plato anamalizia kitabu chake cha Jamhuri kwa picha ya roho zikichagua maisha mapya, Ajax akichagua kuwa simba na Agamemnon tai. Huko mtu amekufa kwanza. Sisi tunazungumzia jambo la tatu: mtu aliye hai, anayetolewa umbo lake na mwingine, bila kupita kaburini.

Na neno "anayetolewa" lina uzito, hasa kwa msomaji wa kwetu. Tumekua tukisikia habari za mchawi anayejigeuza fisi usiku ili akafanye yake, na asubuhi ni mtu kama kawaida. Huyo ana uwezo, ana nia, na ana njia ya kurudi. Binadamu wa Kigiriki anayegeuzwa hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Hakuomba, au akiomba huomba kwa kukata tamaa. Hajui atakuwa nini. Na karibu kamwe harudi.

Walio wachache waliorudi ndio wanaotufundisha zaidi. Chukua Io, binti wa Inachus, mto wa nchi ya Argos. Zeus alimtamani. Hera, mkewe, akashtukia. Katika simulizi ya Ovid, Zeus anamgeuza msichana kuwa mtamba mweupe ili kuficha alichofanya, na Hera, ambaye si mjinga, anamsifia mumewe ng'ombe yule na kumwomba kama zawadi. Zeus afanye nini? Akikataa amejifichua. Anamtoa. Hera anamweka Io chini ya ulinzi wa mlinzi aitwaye Argos (jina tu ni sawa na la nchi ile), mwenye macho mia, ambayo hayalali yote kwa pamoja. Lakini katika tamthilia ya Aeschylus ya Wanawake Waombaji, aliyemgeuza ni Hera mwenyewe. Kwa hiyo umbo la ng'ombe ni kifuniko cha mume au ni kisasi cha mke? Inategemea umemsikiliza nani. Msichana, kwa vyovyote, hakutenda lolote.

Ovid anamleta Io kwenye ukingo wa mto wa baba yake. Anafuata dada zake, wanampapasa bila kumjua. Baba anang'oa majani kumlisha, naye anailamba mikono ya baba na machozi yanamtoka. Angekuwa na maneno angelitaja jina lake. Hana. Basi anaandika jina lake mavumbini kwa kwato. Baba anasoma, anaelewa, anamkumbatia shingoni na kulia, kisha Argos anamswaga kwenda malisho mengine. Hermes akaja akamwua Argos, Hera akamtuma pange wa kumchoma Io mbio nchi kwa nchi, akavuka mlango wa bahari ambao Wagiriki walidai umeitwa Bosporus kwa sababu yake, mpaka akafika Misri. Kule ukingoni mwa Nile, hasira ya Hera ikaisha, akawa mtu tena na kumzaa Epaphus. Ovid anaongeza kitu ambacho kwangu ni kizuri kupita vyote: Io alipopata umbo lake aliogopa kufungua kinywa, asije akalia kama ng'ombe. Akayajaribu maneno polepole, moja baada ya jingine.

Jukwaani Athens mambo yalikuwa tofauti, na kwa sababu ya kawaida kabisa. Katika Prometheus Aliyefungwa, tamthilia ambayo mapokeo yanaihusisha na Aeschylus, Io anaingia akiwa na pembe kichwani na anazungumza kwa kirefu. Mwigizaji bubu angeisimamisha hadithi. Wachoraji wa vyombo nao, waliokuwa wakimchora ng'ombe kamili, baadaye walianza kuchora msichana mwenye pembe. Herodotus, alipoandika karne ya 5 KK juu ya desturi za Wamisri, alisema sanamu ya Isis ni ya mwanamke mwenye pembe za ng'ombe, vile vile Wagiriki wanavyomchora Io. Na ni Herodotus huyohuyo anayefungua kitabu chake kwa kusema kwamba Waajemi wanaeleza kisa cha Io bila ng'ombe wala mungu: wafanyabiashara wa Foinike walifika Argos, wakauza bidhaa zao, wakamteka binti wa mfalme na kung'oa nanga kwenda Misri.

Callisto ana mkanganyiko mkubwa zaidi. Alikuwa mwindaji katika kundi la Artemis, kwenye milima ya Arcadia, akiwa ameapa kutomjua mwanamume. Zeus akamjia, kwa Ovid akiwa amejigeuza sura ya Artemis mwenyewe, akambaka. Mimba ikaonekana siku ya kuoga. Kisha akageuzwa dubu. Na nani? Katika mapokeo yanayohusishwa na Hesiod ni Artemis, kwa kuvunjwa kiapo. Kwa Ovid ni Hera, kwa wivu, na anamshika nywele na kumbwaga chini kwanza. Katika kitabu kinachoitwa cha Apollodorus ni Zeus, kwa kumficha mkewe, na Hera akamshawishi Artemis amchome mshale yule dubu. Watuhumiwa ni watatu na sababu ni tatu. Mtu asiye na hatia yoyote katika simulizi hizo zote ni yule anayeota manyoya.

Wanazuoni wengi hutazama upande mwingine: ibada. Huko Brauron, karibu na Athens, wasichana wadogo walimtumikia Artemis katika desturi iliyoitwa "kucheza dubu", na katika komedi ya Aristophanes ya Lysistrata wanawake wanajivunia kwamba waliifanya walipokuwa wadogo. Dubu na Artemis walikuwa pamoja katika ibada, na inawezekana kabisa kwamba visa vya namna hii vinatoka katika udongo huohuo: msichana anaacha ulimwengu wa Artemis, anaingia ulimwengu wa uzazi, na njiani anakuwa kitu kisicho mtoto wala mama. Naikubali nusu ya hoja hii. Inaeleza kwa nini ni dubu na si punda. Haielezi kwa nini Ovid anatuambia kwamba Callisto, akiwa dubu, aliwaogopa dubu wenzake, na aliwaogopa mbwa mwitu ingawa baba yake alikuwa miongoni mwao. Huo ni ufundi wa mtunzi.

Mwanawe Arcas alipofikia miaka kumi na mitano alikutana naye msituni, akainua mkuki. Zeus akawanyakua wote wawili akawaweka mbinguni. Hera akaenda kwa miungu ya bahari kuwasihi wasimruhusu dubu huyo kamwe kuoga kwenye maji yao, na ndiyo maana, kwa Wagiriki, kundinyota la Dubu Mkubwa halizami baharini. Kwa mtu wa Ugiriki ya zamani hilo lilikuwa kweli tupu machoni. Kwa aliye Mombasa au Dar es Salaam si kweli: hapa karibu na ikweta Dubu Mkubwa huchomoza, hupita chini upande wa kaskazini jioni za Aprili na Mei, kisha huzama kama nyota nyingine. Laana ya Hera haikufika huku.

Mbwa mwitu huyo aliyekuwa baba yake Callisto ni Lycaon, mfalme wa Arcadia, na yeye kweli alihukumiwa. Alimwandalia Zeus mgeni wake nyama ya binadamu ili kumpima kama ni mungu. Kwa Ovid, hapa hakuna la kumtetea. Ovid anasema hata alipokuwa mbwa mwitu hakubadilika sana: mvi zilezile, ukali uleule wa uso, macho yaleyale ya kung'aa. Alikuwa mnyama kabla ya kugeuzwa, na umbo lilimfuata tu.

Mfumaji Arachne wa Lydia kwa kawaida huwekwa kundi hilihili la wenye kiburi walioadhibiwa. Simulizi kamili ya kwanza tuliyo nayo ni ya Ovid, na ukiisoma vizuri hukumu inayumba. Arachne alidai hana deni kwa Athena, mungu wa kike wa ufumaji, katika ufundi wake, wakashindana. Athena akafuma ukuu wa miungu na maangamizi ya waliowapinga. Arachne akafuma udanganyifu wa miungu kwa wanawake: fahali wa Europa, ndege wa Leda, na wengine wengi. Athena alitafuta kasoro kwenye kitambaa kile asiipate. Akakirarua, akampiga msichana kichwani kwa kijiti cha kufumia. Arachne akajinyonga, na Athena, kwa kitu kinachoitwa huruma, akamwacha hai akining'inia: buibui. Kiburi kilikuwapo, sibishi. Lakini aliyeshindwa kujizuia siku ile hakuwa Arachne.

Ndege wana mantiki yao. Watu wanaogeuzwa ndege mara nyingi hugeuzwa wakati ambapo hakuna njia nyingine ya kutokea. Tereus, mfalme wa Thrace, alimwoa Procne wa Athens, akambaka shemeji yake Philomela na kumkata ulimi ili asiseme. Philomela akafuma habari yake kwenye kitambaa na kumpelekea dada yake. Dada wawili wakamwua Itys, mtoto wa Procne na Tereus, wakampikia baba yake. Tereus alipojua anakula nini alishika silaha na kuwafukuza. Na katikati ya mbio hizo wote watatu wakawa ndege: Tereus akawa hudihudi mwenye kishungi, Procne akawa ndege yule wa Ulaya aimbaye usiku, anayemlilia Itys bila kukoma, na Philomela akawa mbayuwayu, ambaye hana wimbo, anabwabwaja tu kama mtu asiye na ulimi. Waandishi wa Kirumi waliwabadilisha dada hao nafasi, wakampa Philomela wimbo, na ushairi wa Ulaya ukawafuata Warumi. Huko nyuma maana ilikuwa wazi zaidi. Hakuna adhabu hapa, wala thawabu. Damu ilikuwa imefika mahali ambapo hatua inayofuata ni mauaji tena na tena, na hadithi ikawatoa wote ardhini.

Sophocles aliandika tamthilia juu ya Tereus, ambayo imepotea. Mwaka 414 KK Aristophanes akamleta Tereus jukwaani katika komedi yake ya Ndege, hudihudi mwenye manyoya machache ya kuchekesha, na alipoulizwa kulikoni akajibu kwamba hivi ndivyo Sophocles alivyomtenda.

Msiba nao hugeuza. Alcyone, kwa Ovid, alimkuta mumewe Ceyx akielea, amekufa kwenye dhoruba, akaruka kutoka kwenye gati na kabla hajagusa maji akawa ndege wa baharini, mdiria, na mumewe naye akafufuka ndege; tangu hapo bahari hutulia siku kadhaa za majira ya baridi ili atamie. Apollodorus anawataja wawili haohao kwa sentensi chache tu: walikuwa wakiitana "Zeus" na "Hera", wakaangamizwa kwa kiburi. Upendo uleule, mmoja anauona wa kuombolezwa na mwingine wa kuadhibiwa.

Na kuna dada zake shujaa Meleager. Mama yao alikichoma moto kigogo ambacho uhai wa Meleager ulifungwa ndani yake, akafa. Dada zake hawakuacha kulia kaburini hata Artemis akawagusa kwa fimbo wakawa kanga, isipokuwa wawili, Gorge na Deianira. Ndege hao walifugwa katika patakatifu pa Artemis kwenye kisiwa cha Leros. Kanga ni ndege wa Afrika, aliyewafikia Wagiriki kama kitu cha mbali na cha ajabu. Na yule anayekatiza barabara mbele ya gari lako huko Dodoma au Laikipia, kwa wanasayansi jina lake ni Numida meleagris. Wale dada wamo bado katika jina lile.

Turudi kwenye akili na sauti, maana hapa ndipo visa hivi vinaposhikana, matoleo yakitofautiana vipi. Wimbo wa 10 wa Odyssey, utenzi wa Homer juu ya safari ya Odysseus kurudi kwao, ni wa zamani kuliko karibu kila kitu nilichotaja. Humo mchawi Circe aliwakaribisha mabaharia wa Odysseus kwa jibini, unga wa shayiri, asali na mvinyo uliotiwa dawa, akawagusa kwa fimbo. Wakawa na vichwa vya nguruwe, sauti, manyoya na mwili wa nguruwe, "lakini akili zao zilikuwa timamu kama zamani". Hivyo wakafungiwa wakilia. Karne nyingi baadaye Ovid anasema hivyohivyo juu ya Actaeon: akili tu ndiyo iliyobaki kama ilivyokuwa. Ukatili wote wa Kigiriki katika jambo hili umo hapo. Mtu hafi na wala hasahau. Anaendelea kujua yeye ni nani, na ulimi wa kuthibitisha ameondolewa. Io alipata mavumbi ya kuandikia. Actaeon hakupata muda.

Je, waliamini? Baadhi walitafuta njia ya kuokoa hadithi kwa kuiondolea maajabu. Palaephatus, ambaye huenda aliandika karne ya 4 KK, alisema Actaeon alikuwa mtu aliyependa kuwinda hata akasahau mali yake ikaisha, ndipo watu wakasema masikini, ameliwa na mbwa wake. Callisto aliingia kichakani akaliwa na dubu. Wenzake walimwona anaingia mtu na anatoka dubu. Ni maelezo ya busara, na yanachosha kweli.

Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, alikuwa mgumu zaidi kumpangia kundi. Kuhusu Lycaon anasema wazi: mimi naamini, kwa kuwa wakati ule watu waliketi meza moja na miungu. Lakini Arcadia ilikuwa na habari nyingine, kwamba kwenye sadaka ya Zeus katika mlima Lykaion mtu hugeuka mbwa mwitu, na akijizuia kula nyama ya binadamu anarudi kuwa mtu mwaka wa kumi. Plato alikuwa amekwisha kuitaja imani ya jinsi hiyo alipotaka kueleza jinsi kiongozi anavyogeuka dikteta. Pausanias hiyo hakuikubali. Huko Olympia aliiona sanamu ya Damarchus, bondia wa Arcadia aliyesemwa kuwa amepitia ugeuzi huo, akayasoma maandishi yaliyoandikwa juu yake. Yalitaja jina, baba na nchi. Mbwa mwitu hakutajwa. Basi akaamini ushindi wa ngumi na mengine akayaacha. Mwaka 2016 wachimbaji wa mambo ya kale walitangaza kwamba katika madhabahu ya majivu kwenye mlima huo, penye mifupa ya wanyama wengi mno, wamekuta mifupa ya kijana mmoja aliyezikwa yapata miaka 3,000 iliyopita. Kama alikuwa sadaka, wao wenyewe hawakuthubutu kusema.

Na Plutarch, aliyemtangulia Pausanias, alifanya kitu kingine kabisa: alimrudishia mnyama sauti ya kujitetea. Katika mazungumzo mafupi aliyoyatunga, Odysseus anamwomba Circe awarudishe utu Wagiriki wote waliobaki mazizini mwake. Circe anasema waulize wenyewe kwanza, na anamteua mmoja awasemee, nguruwe aitwaye Gryllus. Gryllus anakataa. Anasema amekuwa pande zote mbili na anajua. Wanyama hupigana bila hila na hawapigi magoti kuomba wasiuawe. Simba hamfanyi simba mwenzake mtumwa. Jike ni jasiri sawa na dume. Hakuna nguruwe anayeugua kwa kukosa dhahabu wala kujipaka marashi ili apendwe. Odysseus, msemaji hodari kuliko Wagiriki wote, anabanwa hatua kwa hatua. Mwishoni anauliza: tutasemaje kwamba viumbe wasiomjua Mungu wana akili? Gryllus anamjibu kwa kumkumbusha uvumi mmoja wa zamani: basi wewe mwenye hekima namna hiyo tuseme si mtoto wa Sisyphus, yule aliyejulikana kwa kuikana miungu? Mazungumzo yanaishia hapo. Jibu la Odysseus halimo.